Mate ya Kushoto

Ushonaji wangu unaanzia mdomoni. Nakata ncha ya uzi kwa meno, naulowesha kwa mate, naubana kwa midomo mpaka usimame wima, ndipo naupitisha kwenye tundu la sindano. Nimefanya hivyo tangu nilipopata cherehani yangu ya kwanza hapa Songea, kwenye kibaraza cha nyumba iliyo mtaa wa nyuma ya soko, na sikuwahi kuona kwamba ni jambo la kufikiriwa. Mate yapo tu. Nani anakaa kitako kuwaza mate?

Tena mimi ni mtu wa maneno, nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Mteja akiniletea kitambaa kinachotosha blauzi akataka nimtolee gauni, namweleza ukweli wake pale pale. Nikipandisha sauti, mate yananiruka. Ndivyo nilivyo tangu utoto. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na ambaye baada ya baba kufariki ndiye mkubwa wa nyumba yetu, ana utani wake wa siku zote. Nikianza kugomba anajifunika uso kwa kiganja na kusema, "Mvua imeanza." Alikuwa anasema hivyo tukiwa watoto kijijini kwetu, upande wa Namtumbo, na akaendelea kusema hata siku ya harusi yangu.

Uvimbe ulianza shingoni upande wa kulia, chini kidogo ya taya, mdogo kama kunde. Nikasema ni jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukabaki. Baadaye sikio la upande huo likaanza kuuma na kumeza kukawa kwa shida, nikawa nashusha ugali kwa maji kama mgonjwa anayenyweshwa vidonge. Hospitali hapa Songea wakanichungulia kooni, wakaona kidonda pembeni, pale pale watoto wanapovimba wakiugua tonsesi. Wakakata kinyama kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipokuja niliambiwa ni saratani, na kwamba dawa yake ni mionzi, na mionzi huku kwetu haipo, niende Dar es Salaam.

Kaka alitoka Namtumbo asubuhi na begi lake begani. Yeye ni mkulima wa tumbaku ya moshi na ulikuwa msimu wa kazi, lakini hakusema neno juu ya kazi. Alisema, "Vaa viatu, twende."

Daktari wa mionzi alikuwa binti, rika la mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo mama, akamwamkia na kaka, akavuta kiti chake karibu badala ya kuzungumza nasi kutoka nyuma ya meza. Nilimpenda kwa hilo. Akaeleza kwamba ugonjwa upo kulia na bado haujavuka kwenda upande wa pili. Watapiga mionzi kwenye kidonda na kwenye shingo ya kulia. "Tezi ya kulia hatutaweza kuiokoa," akasema. "Ila ya kushoto tutaiacha. Tutapanga mionzi iikwepe kadiri tutakavyoweza."

Kaka alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Tulipotoka kwenye korido akanishika mkono akanisogeza ukutani.

"Mdogo wangu, faili limechanganywa," akasema kwa sauti ya chini. "Wewe tezi umeitoa wapi?"

Kwetu tezi ni moja tu, ile ya wanaume watu wazima, inayotangazwa redioni kila uchao. Nilicheka mpaka shingo ikaniuma. Lakini na mimi nilikuwa sijui hiyo tezi yangu iko wapi, kwa hiyo tukarudi kugonga mlango. Daktari alitusikiliza mpaka mwisho, akainama kidogo kutafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Aliponyanyuka uso ulikuwa umetulia. Akatuonyesha kwa kidole kwenye uso wake mwenyewe: hapa mbele ya sikio, kila upande yake, ndizo kubwa, nyingine chini ya taya, nyingine chini ya ulimi. Hizi ndizo zinazotoa mate. "Hebu wazieni mtu anakata limao hapa mezani," akasema. Kaka akameza mate, tukamsikia sote watatu.

Laiti yangeishia hapo kwenye kicheko. Kumbe kaka alipokwisha kuielewa tezi, alibaki na neno la pili, lile la kuiacha.

Jioni ile, kwa binamu yetu Mbagala tulikofikia, hakula. Akasema, "Wanakubania."

"Wananibania nini?"

"Mionzi. Wanaipiga nusu. Angekuwa mtu wao wa hapa mjini wangempiga pande zote. Sisi tumetoka mbali, wanajua hatutarudi kuuliza."

Nikamwambia daktari ameeleza kwamba kushoto hakuna ugonjwa. Akasema hata mtu anayechoma shamba anaweza kukuambia ile kona haina kitu, na panya wote wamo humo humo. Nikaona nimjibu kwa lugha ya kazi yake. Nikamuuliza, bani la tumbaku, lile banda lako la kukaushia, ukiliwashia moto, unajaza magogo mpaka mlangoni? Si unapima moto, ukizidi jani linaungua na kazi ya mwaka mzima inapotea?

"Tumbaku si saratani," akasema.

Nikaifunika sahani yake ambayo hakuigusa. Usiniulize kama nililala vizuri.

Kesho yake alinitangulia kwa daktari. Nilipoingia alikuwa ameshakaa, na akasema mbele yangu, "Daktari, chomeni zote mbili. Sisi tumekubali." Sisi. Mdomo ni wangu, koo ni langu, lakini aliyekubali ni sisi. Nilipandwa na hasira, ila siku zile kusema kwa nguvu kuliniuma, nikatulia nikimkodolea macho.

Daktari hakumkatiza. Alipomaliza, akafungua picha kwenye kompyuta na kumwonyesha upande wa kushoto ulivyo msafi. Akasema kuuchoma hakutamponya mgonjwa zaidi, kutamwondolea tu mate, na huenda moja kwa moja. Mtu asiye na mate, akasema, meno yanaoza upesi, chakula hakipiti, sauti inakwama, usiku anaamka ulimi umeganda. "Baba, ningeona hata alama ndogo kushoto, nisingeibania," akasema. Sijui alilipata wapi lile neno, labda kaka alikuwa amelitumia kabla sijafika. "Ningeipiga." Kisha akanigeukia. "Mama, mdomo ni wako. Wewe unasemaje?"

Niliogopa, niseme wazi. Alinieleza vizuri na nilimwamini, lakini kichwani mwangu mambo yalijipanga vibaya: upande mmoja kuishi na mdomo mkavu, upande mwingine kufa kwa sababu ya kupenda maneno. Nilimtazama kaka. Alikuwa mtu aliyeacha tumbaku yake shambani, alitaka kunirudisha nyumbani mzima, na njia aliyoijua ni moja. Nikawaza nikikosea mimi, atakayenizika ni yeye.

Nikasema, "Iacheni."

Kaka alitoka chumbani kabla sijalimaliza neno.

Kwanza walinipeleka kwa daktari wa meno akang'oa yale yaliyokuwa na dalili ya kuoza, kwa sababu baada ya mionzi kung'oa jino ni hatari kwa taya. Kisha wakanitengenezea kinyago. Walilainisha karatasi la plastiki lenye matundu kwenye maji ya moto, wakanilaza, wakalivuta juu ya uso mpaka mabegani, na lilipopoa likabaki na sura yangu. Mimi nimepima watu maisha yangu yote na sijawahi kushona kitu kikamkaa mtu vile. Wakalifunga kwenye kitanda nikiwa ndani yake. Kijana wa mashine akaniambia nisitikisike wala nisizungumze, kichwa kikihama kidogo tu mionzi itaenda pasipotakiwa. Nilifungwa mdomo na watu nisiowajua, na nikawashukuru.

Nilimwomba anionyeshe ramani ya mionzi yenyewe. Kichwa changu kilikuwa kwenye kioo cha kompyuta kimekatwa katikati kama kabichi, kimezungushiwa mistari ya rangi. Mistari ilikuja minene kutoka kulia, na ilipokaribia tezi ya kushoto ikapinda, ikaizunguka, kama mimi ninavyokata kwapa la gauni. Hapo moyo wangu ulitulia kidogo. Mkato mzuri naujua nikiuona. Nilitamani kaka auone, lakini alikuwa nje kwenye benchi na hakutaka kuingia.

Mionzi yenyewe haiumi siku inapopigwa. Unalala, mashine inazunguka, inanguruma, unaamka unakwenda zako. Walinipiga Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki hadi wiki. Mwanzoni nikaona nimeonewa sana na hofu. Baadaye ladha ikaondoka. Chai, uji, ndizi, vyote vikawa vitu vya kutafuna tu. Mate yakawa mazito kama gundi ya kubandikia bahasha, halafu yakapungua, halafu mdomo ukajaa vidonda. Ngozi ya shingo ya kulia ikawa nyeusi na kubanduka. Nilikuwa nasukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kutwa nzima, na uji nikiunywa machozi yananitoka. Kaka aliukoroga yeye mwenyewe, ukiwa mwepesi hivi, na kuupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile. Hakuligusa tena suala la tezi. Ila kila jioni, akidhani sioni, alikuwa akiitazama shingo yangu ya kushoto.

Tulirudi Songea na kila mtu akashika lake. Vidonda vilipona. Kulia, uvimbe ulikuwa umekwisha. Mate hayakurudi.

Watu wanafikiri mdomo mkavu ni kiu. Kiu unakunywa maji inakwisha. Huu ulikuwa ukavu ambao ukishameza maji unarudi pale pale, na nilitembea na chupa kila mahali kama mtoto wa shule. Asubuhi ulimi ulikuwa umegandia juu na ilinibidi kuubandua taratibu. Mkate ulinishinda, nyama ya kuchoma ilinishinda, karanga usiniambie. Nikaishi kwa mlenda, maana mlenda hauhitaji msaada wa mtu, unajipeleka wenyewe. Jumapili nilipokea komunyo ikanasa kwenye kaakaa, nikarudi kwenye benchi nimeinamisha kichwa, watu wakadhani nina ibada nzito, kumbe napambana nayo kwa ulimi. Baadaye nilimweleza padre, akawa ananimegea kipande kidogo sana, nami nikawa nakunywa maji kabla ya kupanga mstari.

Na sindano. Kila asubuhi nilipofungua kibaraza niliweka ncha ya uzi mdomoni, na kila asubuhi ilitoka kama ilivyoingia, imechanua nyuzi nyuzi. Nikaweka kibakuli cha maji kando ya cherehani. Kazi ilikwenda, siwezi kusema haikwenda. Lakini nilikuwa nikitia kidole kwenye kile kibakuli nauona moyo unaniuma.

Maneno yalipungua vilevile. Sentensi ndefu ilinikwama katikati, midomo ikashikana na meno, ikabidi nisimame ninywe maji, na huwezi kumgombeza mtu huku unasimama kunywa maji. Wateja wakaniona nimekuwa mpole. Mmoja, mama wa makamo ambaye nimemshonea tangu akiwa msichana, alinisifu usoni kwamba ugonjwa umenipa hekima. Nilitaka kumwambia kitu. Nikanywa maji.

Kaka alikuwa anapiga simu kutoka Namtumbo. Tukishamaliza habari za watoto na za mvua anauliza, "Mate yakoje?" Namjibu, "Bado." Basi namsikia anavuta pumzi, kisha anaaga. Nilijua anachokiwaza kwa sababu na mimi nilikuwa nakiwaza: kwamba tuliuacha upande wa kushoto kwa ajili ya mate, na mate yenyewe hayapo, sasa kilichobaki humo ni nini? Kila nikijikuna shingo ya kushoto, mkono ulibaki pale ukitafuta kunde nyingine. Nilijipapasa mpaka ngozi ikauma, halafu nikaogopa kwa sababu inauma.

Niliporudi Dar es Salaam kwa uchunguzi, yule daktari binti alinitia kikamera kooni na kupapasa shingo pande zote mbili, taratibu, huku ananiuliza habari za wateja wangu. Akasema hakuna kitu, kulia wala kushoto. Kuhusu mate akasema tezi iliyokwepeshwa nayo hupata mionzi kidogo, inashtuka, inachelewa kuamka, tuipe mwaka na zaidi, na hata ikiamka yasitegemewe yote ya zamani. Akanipa dawa ya meno ya kuniongezea ulinzi, akanishauri nitafune bigijii isiyo na sukari ili tezi ipate kazi. Ndivyo nilivyoanza kutafuna bigijii barabarani, mtu mzima na vitenge vyangu.

Nilimpigia kaka kumwambia kushoto ni safi. Akasema, "Haya, Mungu mkubwa." Sikusikia sauti ya mtu aliyeamini.

Kule Namtumbo nina shamba langu alilonigawia baba, limepakana na la kaka, na yeye ndiye hunisafishia kabla ya mvua. Kwenye kona yake moja kuna migomba aliyoipanda mama kwa mkono wake, na chini ya migomba mlenda huota wenyewe kila mwaka. Mwaka ule, kabla hajawasha moto, nilimpigia nikamwambia achome kote ila ile kona aiache. Nilisema mara mbili, na maji nilikunywa katikati. Akasema amesikia.

Nilipofika kutazama kazi nilishuka barabara kuu nikatembea mpaka shambani, jua kali, mbingu nyeupe haina hata wingu, ule mwisho wa kiangazi ambapo hata mbuzi hawana hamu. Shamba lilikuwa jeusi lote. Kona ilikuwa nyeusi. Migomba ya mama ilikuwa vishina vinavyofuka moshi.

Kaka alikuwa amesimama kwenye mpaka na jembe lake. Nilimpa shikamoo yake kwanza, maana ni haki yake. Akaitikia. Kisha nikamuuliza.

"Upepo," akasema. Akatazama chini. "Na pia palikuwa pamejaa takataka, mdogo wangu. Nikaona bora paishe pote."

Sasa hapo. Sikumbuki nilipoanzia. Nilimwambia kwake kila kitu ni kuchoma pote, kwamba mtu akimwambia acha yeye anasikia choma, kwamba ile migomba ilimkosea nini, ilikuwa na ugonjwa gani, nani aliipima. Nilimwambia angepewa ile mashine ya Dar es Salaam angenichoma mpaka nywele na bado angeuliza kama kuna pahala pamebaki. Nikamwambia mimi si shamba. Nikamwambia nimechoka kupigiwa simu na mtu anayesubiri kusikia kwamba nilikosea. Yalitoka yote, ya tangu Mbagala, bila kituo, na nilikuwa nimemsogelea mpaka ncha za viatu vyetu zinagusana.

Alinyanyua mkono. Nikadhani anataka kunikatiza, nikaongeza sauti. Lakini mkono ulikwenda kwenye shavu lake mwenyewe, ukafuta, na akakitazama kiganja. Akakigeuza kwenye jua. Akafuta tena, chini ya jicho, akatazama tena.

Nikanyamaza. Chupa yangu ya maji ilikuwa kwenye kikapu, mwanzo wa shamba kule, na sikuwa nimeikumbuka tangu nishuke kwenye gari.

Kaka akakishusha kile kiganja, akakishikilia kifuani.

"Endelea," akasema. "Mvua imeanza."

Na safari hii hakujifunika uso.